Bakuli Lisiguse Ukuta

Huku Tartu mitaa yetu ina majina ya mboga.
Sisi tuko Mtaa wa Maharage, nyumba ya mbao, ghorofa ya pili,
na paka wetu Tatar, wa kijivu, hali chakula
bakuli lake likigusa ukuta.
Upana wa vidole viwili. Nimepima.
Ukilisukuma kwa fagio bila kujua, atakaa mbele ya samaki,
amtazame samaki, akutazame wewe,
mpaka ukumbuke.

Kabla ya kuingia jikoni hugonga kizingiti kwa mguu wa kushoto,
mara tatu. Akikosea hurudi ukumbini, aanze upya.
Jirani Urmas akiwasha mashine ya kufyonza vumbi,
Tatar huzama ndani ya buti langu la theluji, kichwa kwanza,
abaki humo hadi magharibi,
na magharibi ya Desemba kwetu hufika saa tisa na nusu alasiri.

Shangazi Helve huja Jumapili na keki ya jibini.
Humcheka Tatar mpaka machozi:
"Huyu ni mwana wa mfalme! Ana taratibu zake!"
Humwekea bakuli yeye mwenyewe, ainame na goti lake bovu,
apime vidole viwili.

Kisha hugeuka.
Mwanangu Kaur, miaka tisa, amepanga viazi mezani
kuanzia mkubwa hadi mdogo, na kimoja kimechipua,
hakikubali safu,
na mlio wa sufuria umemfanya azibe masikio.
"Umemdekeza, Leelo.
Mtoto umleavyo..."
Hana haja ya kumaliza.
Nusu iliyobaki hunikwama kooni pamoja na keki.

Mwezi wa kumi na moja daktari aliliandika lile neno, usonji.
Neno jepesi, karatasi nne.
Usiku ule nilikuwa nakata lebo ya shati jipya la Kaur,
maana lebo humchoma kama upupu,
nikaona nimepata la kumwambia, tamu, la kumezea dawa:
"Unajua, wewe ni kama Tatar.
Naye hapendi kukumbatiwa, lakini usiku
huja kuegemeza mgongo kwenye nyayo zako.
Naye husikia tusiyoyasikia.
Na Tatar tunampenda hivyo hivyo, sivyo?"

Kaur alinyamaza. Alikuwa akihesabu kitu darini.
"Rasmus anafanya sherehe ya kuzaliwa.
Amealika darasa zima.
Tatar hajui kama hakualikwa.
Mimi najua."

Nikabaki na mkasi mkononi.

"Halafu," akasema, "mbona Tatar humwambii
kwamba yeye ni kama mimi?"

Basi nikaenda ukumbini, nikapiga magoti mbele ya buti,
nikaliambia buti: Tatar, wewe ni kama Kaur.
Mkia ukatikisika kidogo.
Nyuma yangu kikaja kicheko cha mwanangu,
ambacho huchelewa daima, kama chenji ya duka la Urmas,
lakini hakipungui hata senti.

Jumapili iliyofuata Helve alikuwa na sufuria mkononi,
mdomo umeshafunguka kwa ile nusu ya methali,
Kaur akamwambia, bila kuinua macho kutoka kwenye viazi:
"Mama huhesabu ngazi. Ziko kumi na saba.
Ya tisa huikanyaga mara mbili.
Akiongeleshwa njiani, hushuka hadi chini."

Miaka thelathini na minane
nilidhani hakuna aliyeona.

Helve alinitazama. Akaitazama sufuria.
Akaitua juu ya taulo, taratibu, bila mlio,
kama mtu anayepima vidole viwili.

Sherehe ya Rasmus ni Jumamosi.
Mama yake sijampigia.
Nimeishika simu mara tatu mlangoni mwa jikoni,
nikakosea,
nimerudi ukumbini, naanza upya.